Wanyama Wasio na Kwao Pengine: Hotuba kwa Walimu na Klabu za Mazingira, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi wa klabu za mazingira ambao mmekubali Jumamosi yenu ipitie ukumbini, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie viumbe wanaopatikana katika eneo moja dogo la dunia na si kwingineko. Ni mada ambayo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa vyuo vikuu, nami nadhani kuiachia huko peke yake kumetugharimu.

Mgeni akituuliza habari za wanyama wa Tanzania, ulimi wetu huenda moja kwa moja kwa simba, tembo, faru, nyati na chui. Tunawachora kwenye magari ya utalii, tunawabandika kwenye mabango ya uwanja wa ndege, na noti zetu zimewabeba kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika hao watano hakuna hata mmoja ambaye ni wetu peke yetu. Tembo wetu ana ndugu Kenya na Botswana, simba yuko hadi India, na chui ameenea hadi Mashariki ya Mbali. Wakipungua katika hifadhi moja ni hasara kubwa, lakini bado inawezekana kuwaleta wengine kutoka kwingine, na faru wamekwisha kuletwa hivyo zaidi ya mara moja.

Sasa tugeuke upande wa Pugu, njia ambayo baadhi yenu mmeipita asubuhi hii kuja hapa. Katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, na katika msitu wa Pande ulio jirani na Mabwepande, anaishi komba mdogo kuliko komba wote wanaojulikana duniani. Wataalamu humwita komba wa Rondo, kwa jina la uwanda wa Rondo ulioko Lindi ambako pia anapatikana. Ana uzito wa gramu 60 hivi, yaani kama yai moja la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Hutoka usiku kutafuta wadudu, na mara nyingi hutambuliwa kwa mlio wake kabla hajaonekana. Ukijumlisha vipande vyote vya msitu ambavyo amethibitishwa kuishi, kuanzia Zaraninge karibu na Saadani hadi mikoa ya Lindi na Mtwara, eneo lote halifiki kilomita za mraba 100. Nje ya Tanzania hayupo kabisa. Kwa miaka kadhaa jina lake lilikuwa katika orodha ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani, na katika muda wote huo sidhani kama mtoto mmoja kati ya mia wa shule za jiji hili alipata kumsikia.

Hoja ninayotaka kuitetea leo ni moja. Mnyama wa mahali pamoja hawezi kutunzwa na wanaoishi jirani naye peke yao, kwa sababu mara nyingi anayeamua uhai wake ni mtu wa mbali ambaye hamjui, mtu anayewasha taa, anayefungua bomba na anayebandika sufuria jikoni. Katika nchi yetu mtu huyo wa mbali, kwa kiasi kikubwa, ni mkazi wa Dar es Salaam.

Kwanza ni vema tuelewe kwa nini viumbe wa namna hii wamejaa upande huu wa nchi. Kuna mlolongo wa milima unaoanzia Taita, Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Mahenge hadi kuishia Udzungwa. Huitwa Milima ya Tao la Mashariki. Hii si milima ya volkano kama Kilimanjaro au Meru, ambayo kwa kipimo cha miamba ni michanga. Hii ni miamba mikongwe sana iliyoinuliwa juu, na inakabili Bahari ya Hindi. Pepo za baharini huleta unyevu, unyevu hupanda mlimani, hupoa na kuwa ukungu na mvua. Kwa mamilioni ya miaka, bara la Afrika lilipopitia vipindi vya ukame na misitu mikubwa ya katikati ikasinyaa, misitu ya milima hii iliendelea kunyeshewa kwa sababu bahari haikuacha kuitumia mawingu.

Matokeo yake ni kwamba kila safu ya mlima iligeuka kisiwa, chenye msitu juu na nyika kavu pande zote. Chura wa Uluguru hakuweza kuvuka mbuga kwenda Nguru, na konokono wa Usambara hakuwa na njia ya kufika Udzungwa. Kila mmoja akaendelea na maisha yake kivyake, kizazi baada ya kizazi, hadi akawa tofauti na ndugu zake wa mlima wa pili. Wengine ni mabaki ya zama ambazo hatuwezi hata kuzifikiria vizuri. Kwale wa Udzungwa, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu ya namna ya ajabu aliyogunduliwa, ana undugu wa karibu zaidi na kwale wa misitu ya Asia kuliko na kwale anayekimbia mbele ya gari lako ukielekea Chalinze.

Baada ya maelezo hayo, naomba mniruhusu nikae kwa muda na chura mmoja, kwa sababu habari yake inagusa kila chumba chenye swichi ya umeme katika jiji hili.

Mto Kihansi hushuka kutoka ukingo wa Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, na katika korongo moja maji yake yalikuwa yakiporomoka kwa nguvu kiasi kwamba mvuke na matone laini vililowesha kingo usiku na mchana, mwaka mzima, bila kupumzika. Pale palikuwa na majani mafupi, ndago na kuvumwani ambavyo havikupata kujua kiangazi. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza upande wa juu, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa katika kitabu chochote. Maelezo yake ya kisayansi yalitolewa muda mfupi baadaye, naye akaitwa *Nectophrynoides asperginis*. Sisi tunamwita chura wa Kihansi. Eneo lake lote la kuishi duniani lilikuwa kama hekta mbili. Wapo hapa wazazi ambao mashamba yao ya Mkuranga ni makubwa kuliko hapo.

Jike lake halifiki sentimita tatu kwa urefu, na dume ni dogo zaidi. Hatagi mayai majini kama vyura tunaowafahamu, bali huzaa watoto walio hai, wenye miguu tayari, kila mmoja wa milimita tano hivi na rangi ya kiza kiza. Ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba mno, na akiwa mjamzito ukimwangalia kwa chini unaweza kuwaona wanawe ndani. Mwili ulioumbwa hivyo ni wa kiumbe ambaye hakuwahi kuhitaji kujikinga na ukavu, maana ukavu haukuwahi kumfikia.

Mtambo wa Kihansi ulianza kazi na ukaingiza megawati 180 katika gridi ya taifa. Maji yaliyokuwa yakishuka kwenye korongo yakaelekezwa kwenye handaki la mitambo, na kufikia mwaka 2000 maporomoko yalibaki na sehemu kama moja tu ya kumi ya maji yake. Mvuke ukatoweka. Kingo zikaanza kukauka na mimea ya kawaida ya porini ikaingia. Kwa haraka iliyostahili pongezi, mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, Ohio. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, yakiiga kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure.

Mabomba yalisaidia kwa kiasi. Katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa wakakadiriwa kuwa kama 20,000, na watu wakaanza kupumua. Kisha, ndani ya miezi michache, wakaanguka. Januari 2004 walionekana watatu tu. Uchunguzi ulikuta kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura, yule yule aliyeangamiza jamii nyingi za vyura Amerika na Australia. Baadhi ya wataalamu walitaja pia uwezekano wa sumu za mashambani zilizokuwa zimetulia kwenye tope la bwawa na kushuka lilipofunguliwa. Kwa vyovyote vile, kiumbe aliyekuwa na hekta mbili tu hakuwa na mahali pa kukimbilia. Huko Marekani nako mambo hayakuwa mepesi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kumlea, na kuna wakati walibaki kama 70 tu. Mwaka 2009 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimtangaza kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili.

Nakumbuka vicheko vya wakati ule. Katika vijiwe vya kahawa hapa mjini watu waliuliza ni akili gani hii, kusafirisha vyura kwa ndege ilhali hospitali hazina dawa. Wengine walisema kwa hasira kwamba wazungu wanataka tuzime taa ili chura apate kuoga. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, kwa sababu habari ililetwa kwao kama ugomvi kati ya chura na umeme, na mtu aliyelala gizani kwa sababu ya mgawo hawezi kuchagua chura.

Lakini ugomvi haukuwa huo, na hapa ndipo ninapoomba walimu mnisikilize kwa makini. Umeme wa Kihansi ulihitajika, na mimi nautumia kama ninyi. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa kazi. Ukaguzi wa kina wa korongo ulifanyika baada ya uamuzi kupitishwa na mashine kuanza kuchimba. Laiti mtu mwenye darubini na daftari angetangulia mbele ya tingatinga, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingepangwa tangu mwanzo, na gharama yake ingekuwa ndogo kuliko mabomba, ndege na maabara za nchi mbili kwa zaidi ya miaka kumi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Mwanafunzi anayedhani kwamba karatasi hizo ni urasimu mtupu asimuliwe habari za Kihansi.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini. Mahali walipofikia si Udzungwa bali ni hapa hapa Dar es Salaam, katika maabara iliyotayarishwa Chuo Kikuu. Fikirini kwamba kwa kipindi fulani, chura wote wa jamii hiyo waliokuwa katika ardhi ya Tanzania waliishi katika jiji hili lenye joto, ndani ya vyumba vilivyopozwa na kunyunyiziwa ukungu kwa mashine, mashine ambazo bila shaka zilitumia umeme wa gridi ile ile. Mwishoni mwa 2012 kama 2,000 walipelekwa korongoni, na inatajwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia, yaani kiumbe wa kundi la vyura, aliyekwisha kutangazwa kutoweka porini kurudishwa nyumbani kwake. Kazi haijaisha. Kuvu bado yuko na mabomba bado yanahitaji kusafishwa, kwa hiyo kiumbe aliyeishi karne na karne bila msaada wa mtu sasa anategemea fundi bomba.

Basi hiyo ndiyo taa. Sasa tuje kwenye jiko, na hapa sitahitaji kuwapeleka mbali.

Sehemu kubwa ya mkaa unaochomwa Tanzania huchomwa katika jiji hili. Nyote mnaujua msafara wake: baiskeli na pikipiki zilizofungwa magunia yaliyoshonwa kilemba cha majani juu, zikishuka Pugu alfajiri, kisha gunia linapasuliwa gengeni na kuuzwa kwa ndoo au kwa kopo. Mama anayenunua kopo moja kupika maharage ya watoto hana mwitu kichwani mwake, wala simtaki awe nao wakati ule. Nataka tu tuone hesabu ilivyo. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi una hekta zipatazo 7,000, nusu saa au saa moja kutoka kwa mamilioni ya majiko. Pande ina kilomita za mraba 12 hivi. Misitu ya pwani ya namna hii haikuwa mikubwa hata zamani. Ilikuwa ni madoa madoa katikati ya vichaka na mashamba, na kila doa lilikuwa na miti, vipepeo na konokono wake.

Komba wa Rondo hahami. Msitu ukikatwa hapandi lori kwenda Zaraninge. Anahitaji miti mingi midogo iliyosongamana chini, kwa sababu huruka kutoka shina hadi shina akiwa karibu na ardhi, na ni miti hiyo hiyo ya unene wa mkono ambayo mchoma mkaa huipenda, kwa kuwa inakatika upesi na inapangika vizuri kwenye tanuri. Mti mkubwa ukiachwa umesimama peke yake juu ya uwazi, mpita njia ataona kwamba msitu bado upo, ilhali kwa komba msitu umekwisha.

Kwa haki, serikali haikukaa kimya. Pugu na Kazimzumbwi sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, daraja la juu la ulinzi kwa msitu. Ilitolewa pia amri kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Shule zenu nyingi zinapikia zaidi ya watoto 100. Sitauliza nani ametekeleza na nani bado ana rundo la kuni nyuma ya jiko, kwa sababu nimekuja kwa amani. Ila kama shule yako imehamia kwenye gesi, watoto waambieni wazi kwamba hilo nalo ni jambo la komba, maana mabango ya ukutani yanataja moshi na mapafu tu, nayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Na kwa kuwa tumetaja mkaa, niruhusuni nitoke kidogo nje ya njia. Kule Unguja kuna kima punju, mbega mwekundu wa Zanzibar, ambaye naye hana kwao kwingine ila kisiwa kile na wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Wale wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Jozani hula majani ya miembe na ya miti ya mikungu ya mashambani, majani yenye kemikali zinazosumbua tumbo, na wamejifunza dawa yake: hutafuta mkaa. Huokota vipande kwenye tanuri zilizokwisha poa na kwenye magogo yaliyoungua, wakavitafuna, na mkaa ule hunasa sumu tumboni. Mama hufanya, mtoto humtazama na kuiga. Sensa iliyochapishwa miaka michache iliyopita iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, jambo ambalo ni nadra katika kazi hii na hivyo nalitaja kwa furaha.

Maji nitayapitia upesi, kwa kuwa mnayafahamu. Bomba la Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni mto Ruvu, na Ruvu ni Uluguru. Katika misitu ya Uluguru Kaskazini anaishi ndege mmoja wa jamii ya mbwigu, mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, ambaye hajapata kuonekana mlima mwingine wowote. Yeye na mkazi wa Kinondoni wanategemea msitu ule ule ushike mvua na kuiachia polepole. Mvua ikipiga ardhi tupu ya mlimani, Ruvu huja kahawia siku mbili kisha hupungua, na mitambo ya maji hupata taabu ya tope.

Kuhusu chakula, nafikiri wengi wenu mtashangaa kusikia kwamba mmekwisha kula kiumbe wa mahali pamoja, tena mara nyingi. Dagaa wa Kigoma, anayeuzwa Kariakoo kwa bei inayomfanya mnunuzi aanze kudai punguzo kabla hajapimiwa, ni wa Ziwa Tanganyika kwa asili yake. Kuna aina mbili. Mmoja alipandikizwa katika karne iliyopita Ziwa Kivu na bwawa la Kariba. Mwingine hakuna ziwa lingine alilo nalo. Migebuka, samaki mwingine wa ziwa hilo, naye ni hivyo hivyo. Ziwa lile lina kina cha meta 1,470 mahali pake pa chini kabisa, lina umri wa mamilioni ya miaka, na samaki wake wengi wamezaliwa humo na hawajapata kutoka. Uvuvi ulipozidi, Tanzania ililifunga ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Wavuvi wa Kigoma, Katavi na Rukwa walibeba mzigo huo. Sisi tuliokuwa tukila tulilalamika bei.

Nisije nikaeleweka kwamba watu wa jirani hawana sehemu yao. Wanayo, na mara nyingi wao ndio waliojua kwanza. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini Udzungwa waliangalia ndani ya sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege wasiyemtambua. Ndipo dunia ya sayansi ilipompata kwale wa Udzungwa, niliyemtaja awali. Aliyemtega na kumtia sufuriani alikuwa anamjua siku zote. Vivyo hivyo, mwaka 1979 watafiti walisikia mlio wa ajabu msituni karibu na Sanje, huko huko Udzungwa, na mwenyeji aliyewaongoza akawaambia bila kusita kwamba huyo ni ngolaga. Kitaalamu alikuwa nyani mpya. Mwaka 2003 ikawa zamu ya kipunji, nyani mwenye manyoya marefu na shungi kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia, na watafiti walioamua kuyachukua masimulizi hayo kwa uzito ndio waliomkuta Rungwe. Mwaka uliofuata alionekana pia katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake peke yake, yaani ukoo wake mwenyewe katika mpangilio wa kisayansi, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Hesabu ya kwanza kamili, iliyotangazwa 2008, ilimpata kwa idadi ya 1,117. Kuna shule za sekondari mjini hapa zenye wanafunzi wengi kuliko hao.

Mfano unaonipa moyo zaidi, hata hivyo, ni wa Pemba. Popo wa Pemba, mkubwa kiasi kwamba mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita 1.6, alikuwa akiwindwa kwa bunduki na kuliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 akabaki maelfu machache. Ndugu zake wa karibu hawako bara bali katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe waliunda klabu, wakaacha kuwinda, wakalinda miti ambayo popo hulala mchana, na kijiji cha Kidike kikawa mahali ambapo wageni hulipa kiingilio kwenda kuwaona wakining'inia. Katika miongo iliyofuata idadi yao ilivuka 20,000, wakashushwa daraja la hatari. Hakuna ndege iliyokodiwa wala maabara iliyojengwa. Pemba walifanikiwa kwa sababu aliyekuwa na bunduki na aliyekuwa na popo walikuwa kijiji kimoja, wakakaa barazani wakaelewana. Kihansi na Pugu hazina baraza hilo. Mwenye swichi yuko Sinza, mwenye chura yuko Udzungwa, na hawajapata kuonana.

Ndiyo maana nimependekeza kwa kamati yenu mambo mawili, na naomba niyataje hadharani ili yasiishie kwenye faili. La kwanza ni kwamba kila klabu ichague kiumbe mmoja wa mahali pamoja, imfuatilie kwa mwaka mzima katika magazeti, kwa wataalamu wa Chuo Kikuu na kwa maofisa wa misitu, na ijue umeme, maji, mkaa au chakula cha shule yake kinamgusaje. Sitaki klabu zote zichague kipunji kwa sababu picha yake inapendeza. Wapo konokono wa Pande na vinyonga wa Usambara wasio na mtetezi, na mtoto anayeweza kumtetea konokono mbele ya darasa hatashindwa na mwingine yeyote.

La pili linahusu Pugu. Komba hutambuliwa kwa mlio, na kila aina ina mlio wake, hivyo kinachohitajika kumfuatilia ni masikio, kinasa sauti, ambacho leo kimo katika kila simu, na daftari la tarehe, saa na mahali. Kumbukumbu za namna hiyo zikiwekwa kwa uangalifu na kukabidhiwa watafiti zina thamani ya kweli, hasa kwa msitu ulio karibu hivi na bado unatembelewa kwa nadra usiku. Walimu wanaotaka kuanza waandike barua kwanza kwa ofisi ya hifadhi, waende na askari wa misitu, wasizidi kundi dogo, na wapate idhini ya wazazi kwa maandishi, kwa maana kazi yenyewe inaanza jua linapozama. Viatu viwe vya kufunika mguu. Tochi zifunikwe karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe huwatisha komba wakanyamaza.

Ndugu mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuka kule nyuma, na ningependa nianze na yule binti wa safu ya mwisho.